Balthasar Köstner, Aliyemwandikia Kila Mtu Muziki Wake

Bwana Ehrenfried Balthasar Köstner, Mkuu wa Muziki katika kasri na kanisa la Wallenroda, anastaafu siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba 1788, baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa. Amewatumikia watawala wawili, baba na mwana. Amewazika wapiga fidla, amewaozesha waimbaji, na ametunga muziki mwingi kiasi kwamba kabati la kasri limepasuka mlango na sasa linafungwa kwa kamba ya viatu. Muziki huo unapigwa Amsterdam, Paris na London na watu ambao hawajui Wallenroda iko wapi, wala hawana haja ya kujua.

Wenzangu wamenitwika mimi kazi ya kuandika wasifu huu, mimi Leberecht Zahn, mpiga ngoma za shaba. Wanadai kwamba wakati wao wanahangaika na noti, mimi huwa nimekaa tu kule nyuma nikiwatazama watu. Hawajakosea sana. Lakini niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira kidogo, na anayetaka wasifu wa maneno matamu matupu amwendee mchungaji.

Hasira yangu ni hii. Mji wetu una tabia ya kumkumbuka mtu kwa jambo lake la mwisho, na jambo la mwisho ambalo Wallenroda imeliona kwa Bwana Köstner ni lile la Pentekoste. Tangu siku ile watoto wa sokoni wanacheka, wauza bia wana utani mpya, na yeye mwenyewe hajakanyaga kanisani. Mpaka naandika haya hajasema kama atahudhuria sherehe ya kuagwa kwake. Mtu aliyetupa muziki kwa miaka yote hiyo yuko tayari kuondoka kimyakimya, huku ule mlio mbaya wa Pentekoste ukiwa ndio kwaheri yake. Sisi wanamuziki hatukubali. Ndiyo maana nitaeleza kila kitu, na lile la Pentekoste pia.

Bwana Köstner alizaliwa juu. Sisemi kwa cheo, nasema kwa ngazi. Baba yake alikuwa mlinzi wa mnara wa kanisa katika mji wa Eschbrunn. Kazi yake ilikuwa kuchungulia moto usizuke mjini, na kupuliza wimbo wa kanisa kwa tarumbeta asubuhi, mchana na jioni, kuelekea pande zote nne. Familia nzima iliishi huko huko juu, na kuku wao pia. Maji yalipandishwa kwa kapi. Watoto walipoanza kutambaa walifungwa kamba kiunoni na kuunganishwa na mguu wa meza, maana madirisha yalikuwa chini na mji ulikuwa chini zaidi.

Dada yake, Bi Walpurga, ambaye wote tunamjua na wote tunamwogopa, hakosi kukumbusha jambo hilo wageni wakianza kummwagia kaka yake sifa.

"Kamba nilikuwa naifunga mimi," husema. "Fundo ningelikosea, leo mngekuwa mnapiga muziki wa nani?"

Huko mnarani ndiko alikojifunza jambo ambalo wengine hawalijui hata wakizeeka. Aliniambia siku moja tukiwa tunakunywa bia baada ya mazoezi, kwamba utotoni alikuwa akitazama chini baba yake akipuliza, akaona jinsi mwoka mikate anavyosimama, na mama mwenye ndoo anavyoinua uso, na mzee fulani anavyovua kofia. "Nilidhani muziki ni kitu unachomdondoshea mtu kichwani," alisema. "Na mpaka leo, Zahn, kabla sijaandika lazima nijue ni kichwa cha nani."

Alikuja Wallenroda kama mpiga zumari, kijana mwembamba mwenye koti la kuazima. Mkuu wa wakati ule, marehemu Bwana Hasenclever, alikuwa ameshikwa na jongo miguuni na Krismasi ilikuwa mlangoni, na wimbo wa sikukuu haujaandikwa hata mstari. Kijana akajitolea. Wazee wa kwaya walinuna, wakasema mtoto wa mnarani ataandika nini zaidi ya kengele. Wimbo ulipokwisha siku ya Krismasi, hakuna aliyekohoa. Katika kanisa letu, wakati wa baridi, kutokohoa ni muujiza unaostahili kuandikwa. Mwaka haukupita, akapewa nafasi ya Hasenclever, na Hasenclever mwenyewe ndiye aliyemwombea.

Mengine dunia inayajua. Simfonia zake zilichapwa nje, misa zake zikaimbwa na watu wenye kwaya kubwa kuliko kijiji. Wageni wakaanza kuja. Nakumbuka yule bwana kutoka Paris, mwenye soksi za hariri, aliyefika mpaka mlangoni pa nyumba ya Köstner na kuuliza kwa heshima zote kama anaweza kumwona mtunzi mkuu.

"Huyo mkuu unayemtaka yuko uani anapasua kuni," Bi Walpurga akamjibu. "Pita tu, ila futa miguu."

Bwana wa Paris alimkuta kweli, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtiririka. Alikaribishwa chakula, akala matonge ya viazi kwa mchuzi wa nguruwe, akaulizwa zaidi habari za barabara kuliko habari za muziki. Aliondoka akiwa na doa kwenye soksi, na kwa uso wake mtu angedhani ametoka kupokea baraka. Sikumcheka. Mimi naishi karibu na mtu huyu miaka yote hii, na bado zipo asubuhi ninapomwona anavuka uwanja na kapu la kabichi nikajiuliza: inawezekanaje mambo yale yatoke katika kichwa kile kile kinachobishana bei ya kabichi?

Kuhusu marehemu Mtawala, baba wa huyu wa sasa, naomba niseme kwa adabu kwamba alipenda sana kupiga filimbi. Filimbi yenyewe haikumpenda. Alikuwa na noti chache alizoziamini, na baina ya noti hizo alipita kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza. Mkuu yeyote mwingine angemwandikia kitu chepesi na kuomba Mungu. Bwana Köstner alikaa akamsikiliza, akajua ni wapi hasa Mtukufu atateleza, kisha akaandika fidla zetu kwa namna ambayo pale anapoteleza, ndipo panapopendeza. Mgeni mmoja kutoka Vienna alitoka ukumbini akisifu ujasiri wa sehemu ile ya filimbi. Marehemu Mtawala alifurahi wiki nzima, na sisi tulikula nyama ya paa.

Watu walicheka, nami nilicheka. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba haukuwa ujanja wa kumfurahisha mkubwa. Alitufanyia hivyo sote. Pfannstiel wa zumari alipong'oka jino la mbele, hakuna aliyemwambia kitu. Aliona tu kwamba muziki wa wiki iliyofuata haumpandishi tena kule juu ambako pumzi ingemvuja. Leuthold, mwimbaji wetu wa sauti nzito, ana kifua kibovu, na kila baada ya mstari mrefu hupata mapumziko kidogo ambayo wasikilizaji hudhani ni ya huzuni. Bi Ottilie Brandes, mwimbaji wetu wa sauti ya juu, ana noti moja ambayo ikitoka vizuri hata mishumaa inaonekana kusimama wima. Basi katika kila kazi, mahali fulani, noti ile ipo, na imetengenezewa njia. Sisi tumevishwa muziki uliokatwa kwa kipimo cha miili yetu. Wanaoupiga London wanavaa makoti yetu.

Na mimi? Mwaka tuliomzika binti yangu, Dorothea, nilirudi kazini mapema mno kwa sababu nyumbani hapakukalika. Ilikuwa majira ya Kwaresima, na kazi mpya ilikuwa ndefu. Nilifungua karatasi yangu nikaona mapumziko, na mapumziko, na mapumziko. Hakuna pigo hata moja la kishindo. Mwishoni kabisa, kwaya ikiwa imekwisha kunyamaza, palikuwa na mvumo mmoja wa ngoma, chini kabisa ya sauti, peke yangu, mpaka upotee. Jambo hilo ndilo pekee ambalo mikono yangu ingeweza kulifanya siku ile. Bwana Köstner alinitazama tu na kushusha mkono wake polepole, tukaushusha mvumo pamoja. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunipa pole kubwa kuliko ile. Nilimpenda tangu hapo, na naona aibu kwamba imebidi astaafu ndipo niyaandike.

Sasa nifike kwenye kinanda, maana bila kinanda hamtaelewa Pentekoste.

Kinanda cha zamani cha kanisa letu kilijengwa kabla ya babu zetu, na aliyekijenga alikipandisha sauti. Kililia hatua moja nzima juu ya vyombo vyetu vyote. Ukibonyeza do, kinatoa re. Kwa hiyo, ili kinanda na sisi wengine tukutane, sehemu ya kinanda lazima iandikwe hatua moja chini: sisi tunaandikiwa re, mpiga kinanda anaandikiwa do, na kanisani wote tunasikika re. Mivukuto yake ilipumua kama ng'ombe mwenye mafua. Bomba moja la sol lilikoroma. Malaika wa mbao aliyekaa juu yake alikuwa amepoteza tarumbeta, akabaki ameshika hewa mdomoni.

Kila Jumamosi Bwana Köstner aliiandika sehemu ya kinanda kwa mkono wake mwenyewe, hatua moja chini. Kazi nyingine zote za kunakili aliwaachia wanakili. Hii hapana. Mnakili wetu aliwahi kumwomba ampunguzie mzigo.

"Niachie mimi, Bwana Mkuu. Ni kushusha tu kila noti, mbona hata mke wangu ataweza?"

"Mkeo anamjua mzee yule?" akamuuliza. "Anajua bomba gani aliamshe na bomba gani aliache lilale? Basi niachie mzee wangu."

Alikihesabu kinanda kile kama mmoja wetu. Kilikuwa Pfannstiel mwenye pengo, kilikuwa Leuthold mwenye kifua. Alijua noti zipi zitakichosha, akakiepusha nazo, kwa miaka yote ile.

Mtawala wetu wa sasa, ambaye ni kijana na anapenda mambo mapya, aliamua tupate kinanda kipya. Alikuwa na haki. Cha zamani kilikuwa kimeanza kuaibisha. Kilifunguliwa bomba moja moja, kikapakiwa kwenye magari ya farasi ya kubebea nyasi pamoja na malaika wake, kikapewa kanisa la kijiji cha Oberlind, ambako walikuwa wakiimba bila kinanda tangu enzi za vita. Bwana Köstner alisimama barabarani mpaka gari la mwisho likapotea kwenye kona. Kisha fundi Hollfeld akatujengea hiki kipya, na sifa zake tuliziimba mji mzima: kinang'aa, kina sauti ya radi, na zaidi ya yote kinalia sawasawa na vyombo vingine. Re ni re. Hakuna tena kushusha.

Kilitakiwa kizinduliwe siku ya Pentekoste, na kwa ajili hiyo Bwana Köstner alitunga kazi kubwa kuliko zote alizowahi kututungia. Nitasema bila kusita kwamba ndiyo bora. Inaanza na fidla peke yake, taratibu, kama nyumba inayoamka. Sauti zinaingia mojamoja. Zinatafuta kitu. Kisha linakuja neno "Nuru", na juu ya neno hilo kwaya, tarumbeta, ngoma zangu na kinanda vinaingia pamoja kwa mara ya kwanza. Tuliifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kasri, bila kinanda, kwa sababu fundi Hollfeld hakutaka mtu akiguse kinanda chake na mafuta ya mikono kabla ya siku. Hata mazoezini, tulipofika kwenye "Nuru", wapiga fidla walikuwa wakitazamana.

Mmeshajua kilichotokea. Bwana Köstner alikuwa ameandika sehemu ya kinanda hatua moja chini.

Mgeni angeliona kosa lile upesi. Sisi hatukuliona. Mnakili aliipanga ile karatasi pamoja na nyingine na hakuliona. Trautwein, mpiga kinanda wetu, aliifungua, akaona do pale sisi tulipo na re, akaridhika kabisa, kwa sababu maisha yake yote mambo yamekuwa hivyo. Mimi mwenyewe nilipita nyuma yake nikaitupia jicho, nikaona kila kitu kiko mahali pake. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mkono ule ule, kwa ajili ya kinanda ambacho wakati huo kilikuwa Oberlind.

Kanisa lilijaa. Mtawala alikuwepo na wageni wake. Fidla zikaamka, sauti zikatafuta, mkono wa Bwana Köstner ukapanda, na kwenye "Nuru" kukatoka mlio ambao sitaki kuueleza kwa watu waliokula. Hebu fikirini watu wengi wenye nguvu wanaovuta kamba moja, na mmoja wao, mwenye nguvu kuliko wote, anavuta upande wake mwenyewe. Mtoto mmoja alianza kulia. Mbwa wa Mtawala aliinuka.

Bwana Köstner alisimamisha muziki. Hakuna aliyewahi kumwona akisimamisha muziki kanisani. Alimtazama Trautwein, aliyekuwa amegeuka rangi, mikono bado iko juu ya vibonyezo. Hakuwa katika hali ya kupandisha noti zote papo hapo. Akamwashiria kwa upole aondoe mikono. Kisha akatugeukia sisi, tukaanza upya bila kinanda, na tukafika mwisho. Kinanda ambacho watu walitoka mbali kuja kukisikia kilikaa kimya siku ya uzinduzi wake, kinang'aa tu.

Baada ya ibada Mtawala alicheka, na akicheka yeye wanacheka wote. Mtu akauliza ni nani mlevi. Bwana Köstner akajibu mbele yao: "Trautwein amepiga nilichoandika. Nimekosea mimi." Akavaa kofia, akaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi aliomba kustaafu.

Mjini wakaanza. "Kinanda bubu cha Köstner," wakasema. "Mzee ameishiwa mafuta." Gazeti moja, ambalo sitalitaja kwa sababu linatumika vizuri kufungia samaki, likaandika kwamba umri haumsamehe hata mwenye kipaji. Nami nikawasikia watu ambao wamebatizwa, wameozwa na watazikwa kwa muziki wake wakiyarudia maneno hayo na glasi mkononi. Nilimwambia mmoja wao maneno ambayo mke wangu amenikataza kuyaandika hapa.

Maana hawaoni. Hakusahau kwa uzee. Alikumbuka. Alipofika kwenye kazi yake kuu, iliyomchukua nguvu zote, mkono wake ulimwandikia yule aliyemjua.

Tulikutana wanamuziki wote kupanga sherehe. Kila mtu alitaka tupige ile ya Pentekoste, ila kwanza sehemu ya kinanda irekebishwe. Trautwein alikuwa ameshachukua kalamu. Bi Ottilie akaipokonya.

"Thubutu! Ukifuta noti moja ya Bwana Mkuu nakuvunja vidole."

"Mama, si zimekosewa?"

"Zimekosewa wapi? Noti ziko sawa. Kanisa ndilo silo."

Trautwein akaiangalia tena karatasi. Halafu Pfannstiel akaanza kucheka, lile pengo lake wazi, na tukaelewa wote.

Wiki iliyofuata tulipanda magari ya nyasi kwenda Oberlind, ngoma zangu zikiwa zimefunikwa blanketi kama wagonjwa. Kanisa la kule ni dogo, linanuka maziwa. Mchungaji Kuhl alitufungulia akatuonya kwamba kinanda kinapenda kufanyiwa mambo polepole. Kilikuwa pale, kimebanwa chini ya dari, malaika akipuliza hewa yake. Trautwein akaketi, akaweka mbele yake karatasi ile ile ya Pentekoste, vilevile ilivyotoka mkononi mwa Bwana Köstner.

Fidla ziliamka. Sauti zikatafuta. Na kwenye "Nuru" tukaingia wote, na kila kitu kikakutana.

Nimeipiga ngoma tangu nina ndevu za kwanza, na sijui niseme nini juu ya sauti ile. Kinanda kipya kisingeweza kuitoa. Bwana Köstner alikuwa ameandika mle udhaifu wote wa kile kizee na kuugeuza kuwa upole. Pale mivukuto inapochoka, kwaya inakipokea. Pale sol inapokoroma, ameweka fidla kubwa zikorome nayo. Nilipiga kwa mazoea tu, kwa sababu karatasi sikuiona tena. Leuthold aliacha kuimba akajifuta uso kwa kofia. Tulipomaliza, bibi mmoja wa kijijini aliyekuja kuangalia kelele ni za nini alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Mbona mnalia?" akauliza. "Kwani nani kafa?"

"Hakuna, mama," Bi Ottilie akamwambia. "Kwa kweli hakuna."

Siku ile ile mimi na Bi Ottilie tulikwenda nyumbani kwa Bwana Köstner. Tulimkuta jikoni anamenya matofaa na dada yake. Tukamweleza. Aliendelea kumenya, ganda refu likishuka bila kukatika.

"Kosa ni kosa, Zahn," akasema mwishowe. "Usilipeleke shambani kupunga upepo."

"Hatulipeleki kosa, Bwana Mkuu," Bi Ottilie akasema. "Tumezirudisha noti kwao."

"Watu watacheka tena."

"Wacheke. Kanisa ni dogo, wakicheka tutawaona."

"Balthasar," Bi Walpurga akaingilia, "weka hicho kisu chini uwatazame watu wanapoongea nawe. Wewe umekuwa mtoto?"

Akakiweka. Alitutazama, kwanza Bi Ottilie, kisha mimi. Nikamwambia kilichotokea kwenye "Nuru". Sikuyapamba maneno. Nilimwambia tu kwamba vimekutana vyote, na kwamba Leuthold alishindwa kumaliza. Akauliza jambo moja tu.

"Ile sol bado inakoroma?"

"Inakoroma kuliko zamani," nikamwambia.

Akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Pentekoste. Halafu akachukua tofaa jingine, na hakutupa jibu. Hata leo hajatupa. Lakini jana nilipita mbele ya nyumba yake nikaona koti lake jeusi la sikukuu limetundikwa dirishani kupigwa upepo, na Bi Walpurga amesimama na brashi analishambulia kama adui.

Basi taarifa ni hii. Sherehe ya kumuaga Bwana Köstner haitafanyika katika kanisa la kasri. Itafanyika Oberlind, Jumapili inayofuata siku ya Mtakatifu Mikaeli, mara baada ya ibada ya asubuhi. Magari yataondoka sokoni. Vaeni viatu vya matope. Baada ya muziki wanawake wa kijiji wameahidi keki ya plamu, na bia tutakuja nayo sisi. Aliyecheka siku ya Pentekoste anakaribishwa kuliko wote, na ningependa akae mbele.

Nawe, Bwana Mkuu, kama koti lile ni la kuja kwetu, usilete kijiti chako cha kuongozea. Fidla zinajua pa kuanzia, kwaya inakujua kwa moyo, na Trautwein amelala usingizi mzuri wiki hii yote. Tunakuomba uje ukae kwenye benchi, kwa sababu tumekumbuka kwamba kazi zako zote umezisikia ukiwa umesimama, ukitutazama sisi tusikosee. Asante kwa kila kipimo ulichotupima. Asante kwa mvumo ule wa Kwaresima. Mungu akupe afya, kuni kavu, matofaa mengi na dada asiyechoka kukugombeza, na miaka yako ya mapumziko iwe mirefu na yenye amani. Sehemu ya kinanda iko mahali pake, kwa mwandiko wako. Hatujagusa noti hata moja.